Chokaa ya Thuleswar

Kijijini Chetiagaon, kitu kikipendeza machoni kikaja kuharibika mikononi, watu hukiita chokaa ya Thuleswar. Mtindi uliokataa kuganda. Baiskeli iliyopakwa rangi jana, leo mnyororo umekatika kabla ya kufika sokoni. Bwana harusi mwenye shati la hariri na mfuko mtupu. Chokaa ya Thuleswar hiyo! Watoto wa juzi wanausema msemo huo wala hawajui Thuleswar alikuwa nani. Ukiwauliza, watakwambia labda ni jina la duka.

Bibi Rongdoi aliujua tangu siku ulipozaliwa. Kwa miaka arobaini na sita aliusikia visimani, sokoni, hata kwenye nyumba ya sala, na kila aliposikia alimeza mate kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, mfupi, midomo myekundu kwa tambuu, na bata themanini waliomfuata uani kama wajukuu. Kijiji kizima kilimpenda. Mtu akiugua, Rongdoi ndiye wa kwanza kufika na kapu la mayai.

Asubuhi moja mwanawe Bipin alirudi kutoka shambani akiwa na matope mpaka magotini.

"Mama, ile pampu niliyonunua mjini imekufa. Siku tatu tu! Chokaa ya Thuleswar, wallah."

"Usiseme hivyo."

"Kwani nimemtukana nani? Mtu mwenyewe alikufa sijaota hata jino."

"Ulikuwa na siku thelathini na tatu," alisema Rongdoi, akaingia jikoni. Bipin alibaki akikuna kichwa, maana hakuelewa mama yake alizihesabu siku hizo kwa ajili gani.

Sasa ngoja nikueleze habari ya daraja, maana bila daraja hakuna kisa.

Ni lile la mawe, matao matatu, juu ya mto Namhing. Lilijengwa enzi za wafalme wetu. Adui alikuwa akija kutoka magharibi, na mfalme alitaka majeshi yake yavuke na tembo bila kungoja mto upungue. Mawe yalikatwa milimani, na kuyashikanisha wakatumia kitu ambacho mpaka leo mabwana wa saruji wanakitazama na kuguna: chokaa ya makombe ya konokono, mchele wa kunata, sukari guru, na mayai ya bata, maelfu kwa maelfu. Wazee walisema mwaka ule hakuna mtoto aliyeonja yai kutoka hapa mpaka milimani. Wazee wetu walikuwa na chumvi nyingi, lakini kwa hili nawaamini.

Kazi ilipokwisha, waziri wa mfalme akaona hatari. Mtu anayejua kujenga daraja kama hili anaweza kumjengea adui jingine. Mfalme wa watu wengine angewakata mafundi vichwa, mambo yakaisha. Wa kwetu alikuwa mpole, tumshukuru. Aliamuru siri igawanywe nusu mbili. Nyumba moja ijue chokaa tu, namna ya kuichoma na kuilaza majini. Nyumba nyingine ijue mayai na mchele tu. Daraja likihitaji kutengenezwa, kila nyumba ilete chungu chake kikiwa kimefunikwa, wamimine shimoni huku shuka limetandazwa katikati, huyu asione cha yule. Na nyumba hizo mbili zisioane milele, ili nusu mbili za siri zisije zikalala kitanda kimoja.

Palikuwa na desturi nyingine. Tao likijengwa hushikiliwa kwa miti chini yake mpaka chokaa ikauke. Siku ya kuigonga miti iondoke, fundi wa chokaa husimama chini ya tao, peke yake. Kazi ikiwa mbovu, imwangukie yeye kwanza.

Mfalme akafa, ufalme nao ukafa, Waingereza wakaja na chai yao wakaondoka, na lile katazo la ndoa likabaki palepale. Ndivyo tulivyo. Tunasahau mahali maiti ya babu ilipochomwa, lakini nani asimwoe nani hatusahau.

Rongdoi alikuwa mtoto pekee wa mzee Dehiram wa Nyumba ya Mayai. Kwa kuwa hakukuwa na mtoto wa kiume, baba yake alimfundisha yeye. Alimpeleka darajani akiwa na miaka kumi, akaushika mkono wake, akaubandika kiganja kwenye jiwe la tao la kati, akamwapisha kwamba hatamwambia mtu asiye wa nyumba yao. Mkono wa mzee ulikuwa mzito na wa joto, na Rongdoi hakuusahau.

Thuleswar alikuwa kijana wa Nyumba ya Chokaa. Hakuwa mzuri wa sura, nisikudanganye. Alikuwa na masikio makubwa na vidole vilivyobabuka kwa chokaa. Lakini alijua kuchekesha, na kwenye ngoma ya Bihu, sikukuu yetu ya mwaka mpya, wakati wasichana wanapochomeka maua nyweleni na wavulana wanapiga ngoma mpaka mikono inavimba, yeye alimpigia Rongdoi peke yake. Mwaka wa kwanza wakacheka. Mwaka wa pili wakaanza kukutana mchana kweupe kwenye mianzi iliyo nyuma ya daraja, kila mmoja na kisingizio chake, huyu anatafuta bata, yule anaokota makombe.

"Wanaogopa nini hawa wazee?" Thuleswar alisema siku moja. "Wanaogopa siri zisikutane. Basi tuzikutanishe. Maji yakimwagika hayazoleki. Tukishaambiana, watatuzuia kwa lipi tena?"

"Na kiapo?"

"Kiapo cha mfalme gani? Nionyeshe mfalme hapa nimpigie magoti."

"Una wazimu wewe."

"Wa kwako."

Akaanza yeye. Alimwambia yote: makombe ya aina gani, yachomwe kwa kuni gani, chokaa ilazwe majini miezi mingapi, ichujwe kwa kitambaa gani. Hakubakiza kitu. Alisema haraka haraka, anacheka, kama mtu anayevua nguo ili aruke mtoni. Kisha akamtazama, ikawa zamu ya Rongdoi.

Alimpenda yule kijana, wala hilo halikuwa na shaka. Lakini ule mkono wa baba yake aliuhisi juu ya mkono wake, mzito vilevile. Akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa uongo.

"Mayai mazima," alisema. "Ute na kiini. Vipigwe pamoja mpaka vitoe povu, ndipo uji wa mchele uingie."

Haikuwa hivyo. Kiini kina mafuta, na mafuta huiua chokaa. Ikikauka huwa ngumu kwa nje, ndani ikabaki laini kama mkate wa mchele. Mayai ya daraja ni ute mtupu. Viini huliwa na wale wanaovunja mayai, na hiyo ndiyo iliyokuwa furaha ya Nyumba ya Mayai tangu enzi za wafalme. Rongdoi alijiambia: nitamsahihisha baada ya harusi. Nikishakuwa mkewe nitamwambia, naye atacheka mpaka masikio yatikisike.

Harusi haikuwapo. Mzee Dehiram alipolisikia tu jina la Thuleswar hakugomba wala hakupiga. Aliacha kula. Siku ya nne Rongdoi alimtumia Thuleswar neno: tafadhali, usiseme tulichoambiana, baba atakufa kwa aibu. Thuleswar alinyamaza. Kabla mwezi haujaandama mara mbili, Rongdoi alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, kijiji cha tatu, na mwanamume mwema asiye na neno, na uongo wake alikuwa amekwenda nao. Haukumsumbua sana, kusema kweli. Aliwaza: kila nyumba huleta chungu chake, Thuleswar atayahitajia nini mayai?

Halafu likaja lile tetemeko kubwa la mwezi wa Shravan, katikati ya masika. Wenye umri wanalikumbuka, milima ilivyonguruma na mito ilivyogeuka matope. Paa la nyumba ya mzee Dehiram lilimwangukia akiwa amelala, akafa pale pale. Madaraja ya chuma ya Waingereza yalikatika kama vijiti. Daraja la mawe lilisimama, ila tao la kati lilifunguka, mawe mengine yakadondoka mtoni.

Katika mwezi tunaouita Kati, mvua zilipokwisha na maji kupungua, wanakijiji wakaamua kulijenga upya tao lile, kwa sababu mashamba yako ng'ambo na mpunga ulikuwa karibu kuvunwa. Mtu aliyetumwa na habari aliitwa Bhodia. Alifika kwa wakwe zake Rongdoi asubuhi, akasimama uani, maana mwanamume haingii kwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Rongdoi alikuwa ndani na Bipin wa siku tisa.

"Mama, tunamhitaji binti wa Dehiram," Bhodia alimwambia mama mkwe. "Hakuna mwingine wa mayai."

"Mwanamke ana siku tisa! Unataka aguse chungu cha daraja na damu ya uzazi? Litasimama daraja gani hapo? Mwezi uishe kwanza."

"Mwezi ukiisha mpunga utatuozea shambani, mama. Lakini si kitu. Thuleswar amesema huyu asipoweza kuja, mayai atayaandaa mwenyewe."

"Ala! Atayajulia wapi?"

"Anasema babu yake aliwahi kuchungulia."

Rongdoi aliyasikia yote kupitia ukuta wa mianzi. Maneno mawili tu yalitosha. Ute mtupu. Angeyasema, Bhodia angeyapeleka, na Thuleswar angeelewa papo hapo. Lakini mama mkwe angeuliza kwa nini umeropoka siri ya nyumba yenu kwa mtu wa njiani, na Thuleswar amejuaje, na wewe na Thuleswar mlikuwa na nini. Mtoto alikuwa akinyonya. Rongdoi alipaza sauti mpaka mtoto akaachia titi.

"Mwambie asubiri! Mwezi mmoja tu, asubiri!"

"Asubiri nini, dada?"

"Asubiri tu!"

Bhodia akacheka, akaenda zake. Wanawake waliojifungua husema mengi.

Siku ya thelathini na moja Rongdoi alioga, akatolewa nje. Siku ya thelathini na tatu alimwomba mumewe ampeleke mtoni na mtoto. Walipofika ukingoni, ng'ambo ya pili kijiji kizima cha Chetiagaon kilikuwa kimesimama na ngoma. Tao la kati lilikuwa limekamilika, jeupe, safi. Vijana walikuwa na nyundo mikononi, tayari kuigonga miti. Na chini ya tao, juu ya mchanga, Thuleswar amesimama peke yake na kitambaa chake chenye pindo jekundu shingoni.

Alimwona. Akainua mkono, akacheka. Masikio yake yale.

Angeweza kupiga ukelele. Mto si mpana pale, hata mtoto husikika. Rongdoi alifungua kinywa, akamtazama mumewe kando yake, akawatazama watu wote wale, akajiambia: pengine itashika. Imekauka, si inaonekana? Pengine itashika. Akakifunga kinywa.

Mti wa tatu ulipotoka, tao likakaa kidogo, likapumua vumbi, likashuka lote.

Mumewe alidhani alizirai kwa sababu ya uzazi.

Basi ndivyo msemo ulivyozaliwa. Watu walisema chokaa ilikuwa mbovu, fundi alikuwa mwenye majivuno, alichezea mayai yasiyo yake na mizimu ya mfalme ikamwadhibu. Mama yake Thuleswar hakumaliza mwaka. Akabaki mdogo wake, Kunjo, msichana wa miaka kumi na minne, aliyekuwa amefundishwa chokaa na kaka yake. Kunjo hakuolewa. Nani apeleke posa kwenye nyumba yenye chokaa mbovu? Alizeeka peke yake katika ile nyumba ya mwisho kabla ya mianzi, akiuza chokaa ya kulia tambuu, na wanunuzi wakorofi walimwuliza kila mara: "Hii haitatuangukia, Kunjo?" Yeye aliwapimia, akapokea chake.

Rongdoi alipofiwa na mume alirudi nyumba ya baba yake. Alikutana na Kunjo njiani mara elfu. Kunjo hakumsalimu hata mara moja, na watu walisema ni ule uadui wa kale wa nyumba mbili. Rongdoi naye aliacha wadhani hivyo. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Zikapita hizo enzi. Pengo la tao la kati liliwekewa mabamba ya chuma, watu wakapita juu yake yakilia kwa kishindo. Mwaka ule wa pampu ya Bipin, akaja mhandisi kutoka mjini, Nibaran, kijana mwenye miwani na adabu nyingi. Aliwakusanya watu kwenye nyumba ya sala.

"Wazee wangu, ofisi yetu inataka kulirudisha tao kama lilivyokuwa. Maabara imetuambia ndani yake kuna mchele, kuna yai, kuna chokaa ya konokono. Haikutuambia namna. Saruji hatuwezi, saruji italipasua jiwe lenyewe. Tusipoipata namna mwaka huu, fedha zitakwenda kwingine, na mhimili wa upande wa mashariki umekwisha kulika. Miaka mitano, kumi, daraja lote litakwenda na maji."

Rongdoi alisema mayai anayo na namna anaijua. Watu wakapiga vigelegele. Kisha macho yote yakamgeukia Kunjo, aliyeketi nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Chokaa yetu?" alisema Kunjo. "Mnaitaka ya nini? Si ni ile mnayoichekea?"

"Bibi, hayo ni maneno ya watoto," Bipin alisema. Yeye ndiye katibu wa nyumba ya sala.

"Watoto wameyatoa kwa nani? Sikiliza, mwanangu. Chokaa ya kaka yangu haikuwa mbovu. Siku watu watakapolisema hilo hapa, mbele ya watu, nitaitoa. Bila hivyo nitakufa nayo, na daraja liende likalale na Thuleswar."

Akajifunga shali, akatoka.

Walikwenda kumbembeleza wiki nzima. Walimpelekea samaki, walimpelekea sari mpya. Nibaran mwenyewe alikaa barazani kwake siku mbili. Kunjo aliwapa chai, chokaa hakutoa.

Siku ya nane Rongdoi alimwita Bipin, akamketisha, akamweleza tangu mianzi mpaka kile kinywa alichokifunga ukingoni. Bipin alisikiliza, rangi ikimtoka.

"Mama, mimi ni katibu pale. Binti yangu ana wachumba. Watu watasema nini?"

"Watasema mayai ya Rongdoi."

"Mtu amekufa miaka arobaini na sita! Ukisema, ukinyamaza, atafufuka?"

"Hatafufuka. Lakini Kunjo yu hai, Bipin. Kunjo anapimia watu chokaa ya tambuu na wanamcheka, na mimi nimepita mlangoni pake kila siku na kapu langu la mayai, naitwa mama mwema." Akalisukuma kapu kando. "Nimechoka kupendwa."

Bipin alilia, naye si mtu wa kulia. Kisha akaenda mwenyewe kununua popoo mpya na majani ya tambuu.

Wewe unajua anayeomba radhi kwetu anavyofanya: huleta tambuu, na aliyekosewa akiila, amesamehe. Rongdoi aliingia nyumba ya sala akiwa amebeba sinia la shaba lenye tambuu na popoo, limefunikwa kitambaa cheupe, akapiga magoti mbele ya watu wote. Alisema yote. Hakujipunguzia. Alipofika kwenye yale maneno, pengine itashika, mwanamke mmoja aliguna kwa sauti, na mzee Bhodia, aliyekuwa hai bado ingawa kipofu, akajipiga kifua. "Asubiri tu," alisema. "Nami nikacheka. Mungu wangu, mimi nikacheka."

Rongdoi akatambaa kwa magoti mpaka alipokuwa Kunjo, akaweka sinia mbele yake, akainamisha kichwa. Kunjo alilitazama sinia. Kisha akainuka, akalipita, akaenda zake bila kugusa hata jani. Lakini alfajiri iliyofuata, mtungi wa kwanza wa chokaa ulikuwa umewekwa mlangoni pa Nibaran.

Mawe yalipokwisha kupangwa juu ya miti, wanawake wale wawili walichanganya wenyewe, kila mmoja upande wake wa shimo. Mtu alileta shuka la kutandaza katikati. Kunjo alilivuta akalitupa kando. "La kazi gani sasa?" alisema. Hilo ndilo neno pekee alilolisema siku zote za kazi. Rongdoi alivunja mayai tangu asubuhi mpaka jua kichwani, ute huku, viini kule, na watoto walikula viini mpaka wakakinai. Ulipita mwezi na zaidi chokaa ikikauka. Msemo nao uligeuka, kama alivyosema. Rongdoi aliusikia kwa masikio yake sokoni, mama mmoja akimkemea mwanawe mwongo: "Mayai ya Rongdoi we!" Mbele yake watu walinyamaza, na mayai walianza kununua kwa wengine. Wachumba wa mjukuu wake wakapungua, akabaki mmoja.

Siku ya kugonga miti, Nibaran alisimama na kofia yake ya kazi, akatangaza mtu yeyote asikaribie chini. Rongdoi alikuwa ameshateremka. Mhandisi akaita, akafoka, akashika kichwa. Alipogeuka akamwona Kunjo naye anateremka kwa fimbo yake, polepole, kwenye mchanga.

"Rudi juu, Kunjo," Rongdoi alisema. "Ni zamu yangu."

"Husimama mtu wa chokaa. Chokaa ni yangu."

Wakasimama bega kwa bega chini ya tao, vikongwe wawili. Vijana walisita na nyundo zao, ndipo Bipin alipowaashiria kwa kichwa waanze, machozi yakimtoka. Nyundo ya kwanza ikalia.

"Nilikuona siku ile," Kunjo alisema, bila kumtazama. "Ng'ambo pale. Umebeba mtoto. Nikaona ulivyofungua kinywa ukakifunga."

Rongdoi akamgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua kabla. Nilimkuta anavunja mayai na viini vyake. Nikamwambia, kaka, mafuta hayo yataiua chokaa, hata mimi mtoto naona. Akaniambia, Rongdoi ndiye aliyeniambia, na Rongdoi hawezi kunidanganya. Kisha akaniapisha. Likitokea lolote, jina lako nisilitaje kwa mtu."

Mti wa pili ukaanguka, mchanga ukatikisika.

"Miaka yote hiyo, Kunjo?"

"Miaka yote hiyo. Nimeitwa dada wa chokaa mbovu. Nimekaa bila mume, bila mtoto, na jina lako nimelifungia mdomoni. Nilikuwa nangoja ulitaje mwenyewe."

Mti wa tatu ukatoka. Tao likakaa kidogo, likapumua vumbi. Rongdoi alifumba macho, na nitakwambia ukweli, aliomba lishuke.

Halikushuka. Juu watu walipiga vigelegele, ngoma zikaanza. Vumbi lilipotulia Kunjo alinyoosha mkono, kiganja juu.

"Lete tambuu yako."

Rongdoi alifungua pindo la nguo, ambamo aliibeba kila siku tangu siku ile ya sinia. Kunjo aliweka jani na popoo mdomoni, akatafuna, akatema wekundu mchangani.

"Nimekula. Usidhani nimesahau." Akaanza kupanda, fimbo yake ikigonga mawe.

Rongdoi alibaki. Juu yake jiwe lilikuwa limesimama, gumu, kama ambavyo lingesimama siku ile. Akainua mkono, akabandika kiganja pale baba yake alipokibandika.

"Ute mtupu, Thuleswar," alisema. "Kiini hakiingii. Nilitaka kukwambia baada ya harusi."